Maswali Yenu, Majibu Yetu: Kiyoyozi cha Darini

Barua nyingi tulizopokea kwa ajili ya toleo hili zinahusu viyoyozi vya kaseti, vile vya mraba vinavyozama ndani ya dari na kubakiza uso mweupe tu unaoonekana chini. Tumechagua zile zenye hatari ndani yake: uzito juu ya vichwa vya watu, maji karibu na umeme, gesi yenye shinikizo kubwa. Kwa wote walioandika tuna ombi moja. Dari isifungwe kabla vining'inio, njia ya maji, mabomba ya gesi na nyaya havijajaribiwa. Kosa likishafunikwa kwa jipsamu na rangi, kulitafuta ni kubomoa.

SWALI: Nina nyumba ya wageni hapa Arua. Dari ya ukumbi wa chakula ni ya vigae vya sentimita 60 kwa 60 vilivyokaa kwenye fremu ya alumini. Fundi anasema kiyoyozi kimetengenezwa kwa kipimo hichohicho, kwa hiyo atakikalisha kwenye fremu. Nimruhusu?

JIBU: Usimruhusu, ndugu yetu. Kipimo hicho maana yake ni kwamba uso wa mashine unaenea mahali pa kigae kimoja, basi. Fremu ile ni ya kubeba vigae vyepesi. Kaseti ndogo, yenye bodi ya milimita 570 kwa 570, ina kilo 15 hadi 20 bila uso wake. Ile kubwa ya milimita 840 kwa 840 hufika kilo 22 hadi 30. Ongeza uso wa kilo 3 hadi 6, maji ya kwenye trei inayoyakinga ndani ya mashine, mabomba, na mtikisiko wa feni kila saa inapofanya kazi. Fremu itaanza kwa kupinda, trei itainama, maji yatamwagika, na mwishowe mashine itaanguka mezani kwa wageni.

Kaseti huning'inizwa kwa fimbo nne zenye hesi, kwa kawaida M10, yaani unene wa milimita 10 (M8 kama kitabu cha mashine kinaruhusu), na fimbo hizo hushika zege au kenchi. Dari haibebi chochote cha mashine.

Kama juu yako kuna slabu, kwanza jua ni slabu ya aina gani. Hapa Uganda majengo mengi yana slabu za maxpan, yaani matofali matupu ya udongo yaliyopangwa kwa safu, na katikati ya safu na safu kuna mbavu za zege. Anka, yaani kishikio cha chuma kinachotanuka ndani ya tundu, ikipigwa kwenye tofali tupu haishiki. Inavunja ganda la udongo na kuning'inia kwenye vumbi. Gonga kwa nyundo usikilize: tofali hutoa sauti ya utupu, ubavu hutoa sauti nzito. Kisha toboa tundu la majaribio la milimita 6. Vumbi jekundu ni udongo, sogea; vumbi la kijivu ni zege. Mbavu hazitalingana na matundu manne ya mashine, hivyo funga vyuma vya pembe au vya mfereji kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, halafu fimbo za mashine zishike vyuma hivyo. Na kumbuka kwamba ndani ya ubavu, sehemu ya chini, ndimo zilimolala nondo kuu zinazobeba slabu. Drili ikigusa chuma, simama, toboa kando. Usikate nondo hata mara moja.

Anka ya M10 ya kupigilia inataka tundu la milimita 12 lenye kina cha milimita 40. Puliza vumbi lote litoke, ingiza anka, kisha ipige kwa kile kifimbo chake maalum mpaka bega la kifimbo liguse mdomo wa anka. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaingiza anka, wanakaza fimbo, wanaona imeshika, kumbe anka haijatanuka ndani. Inashikwa na msuguano tu, na baada ya miezi ya mtikisiko inateleza.

Kama paa lako ni la mabati juu ya kenchi za mbao, vyuma vya pembe vilale juu ya angalau kenchi mbili, karibu na maungio yake, vikifungwa kwa boliti zinazopita mbao zima na washa pana. Misumari haifai hapa, kwa sababu mzigo unaovuta kwenda chini huichomoa polepole. Mbao za mkalatusi zilizopasuka au zilizoliwa na mchwa zibadilishwe kwanza.

Fimbo zikiwa tayari, tumia karatasi ya vipimo inayokuja ndani ya boksi. Umbali wa matundu hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Kila pembe ya mashine iwe na nati na washa juu ya sikio lake, nati na washa chini, na nati ya pili ya kufungia. Kuinua ni kazi ya watu wawili juu ya jukwaa imara, na wa tatu chini. Mtu mmoja juu ya ngazi akiwa na kilo 25 mikononi hana mkono wa kujishikia. Hakuna anayepita wala kusimama chini mpaka nati zote nane za mwanzo zikazwe.

Neno la mwisho kwako na kwa wenye majengo ya zamani: dari au paa lenye mabapa ya asbesto lisitobolewe wala kukatwa. Vumbi lake husababisha saratani ya mapafu. Lifanyiwe kazi na watu wenye vifaa vya kazi hiyo.

SWALI: Zahanati yetu ipo Jinja. Kaseti ya BTU 24,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) ilifungwa mwezi uliopita na sasa maji yanadondoka kwenye kona, karibu na kitanda cha mgonjwa. Fundi amekuja mara mbili, anasema ni unyevu wa ziwa. Kweli ni ziwa?

JIBU: Unyevu wa ziwa unaongeza maji, haufungui njia ya kudondoka. Mashine ya ukubwa huo, siku yenye unyevu, inaweza kutoa lita 1 hadi 3 kwa saa. Maji hayo ni ya kawaida, na kazi ya fundi ilikuwa kuyapa njia. Zimeni mashine kwenye swichi kuu, sogezeni kitanda, halafu kagueni kwa mpangilio huu.

Anza na usawa wa mashine. Pima kwa pima maji kwenye pande zote nne, au kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani. Bodi iwe sawa kabisa, au upande wa bomba la maji uwe chini kwa milimita chache, zisizidi 5. Upande huo ukiwa juu, maji yanakusanyika upande wa pili wa trei na kumwagika kabla swichi ya boya, ile inayozima mashine trei inapojaa, haijayaona. Kona inayodondoka mara nyingi ndiyo iliyo chini kuliko zote.

Kisha bomba lenyewe. Kaseti ina pampu ndogo ndani, na nyingi zinaweza kupandisha maji milimita 500 hadi 750 hivi. Kitabu kitasema kikomo cha mashine yenu. Bomba lipande wima ndani ya sentimita 30 tangu litoke kwenye mashine, likifika juu ligeuke na kuanza kuteremka kwa sentimita 1 kila mita 1, mpaka nje. Kosa tunaloliona zaidi ni bomba kwenda mlalo mita mbili tatu, ndipo lipande. Pampu inaposimama, maji yote yaliyokuwa kwenye kipande kile cha mlalo na cha kupanda hurudi kwenye trei kwa mkupuo. Trei inafurika wakati mashine imezimwa, na watu wanashangaa maji yanatoka wapi.

Tumieni bomba la PVC lenye kipenyo cha ndani cha milimita 25. Libebwe na vishikio kila mita 1 hadi mita 1.5, vinginevyo litalegea katikati na kufanya bonde linalokusanya uchafu na hewa. Kwenye mashine yenye pampu msitie kona ya kuhifadhi maji. Ile ni ya mashine zisizo na pampu. Na mdomo wa bomba usiunganishwe moja kwa moja na tangi la choo. Gesi ya choo itapanda hadi kwenye koili, yaani mabomba ya kupozea yaliyo ndani ya mashine, italeta harufu wodini na kuila shaba.

Bomba hilo nalo livikwe sponji, tangu mwanzo hadi linapotoka nje. Chini ya mabati joto la mchana ni kali na hewa ina unyevu. Bomba tupu lenye maji baridi hutoa jasho, na jasho hilo hudondoka mahali ambapo hakuna uvujaji wowote. Vivyo hivyo kwa mabomba mawili ya shaba. Kila moja livikwe sponji yake, la gesi na la kimiminika, kwa sababu yote mawili huwa baridi. Ndani ya paa la mabati tunashauri unene wa milimita 19, na maungio ya sponji yagundishwe kwa gundi yake badala ya kuzungushiwa utepe tu. Angalieni pia ukingo wa uso wa mashine: pakiwa na upenyo kati yake na dari, hewa ya moto ya paani huingia na unyevu wake hugeuka matone kwenye plastiki baridi.

Jaribio ni rahisi. Mimineni lita 1 hadi 2 za maji polepole kwenye trei kupitia tundu la ukaguzi, washeni mashine kwenye hali ya kupoza, na mtu asimame nje kwenye mdomo wa bomba. Maji yatoke ndani ya dakika chache. Zimeni, subirini, angalieni kama kuna kinachorudi. Hili lilipaswa kufanywa kabla ya dari kufungwa.

Kama fundi ameunganisha waya mbili za swichi ya boya ili mashine isijizime, mwambieni azirudishe mara moja. Swichi ile ndiyo inayosimamisha mashine trei inapojaa, na kwenu chini yake kuna mgonjwa, pengine na vifaa vya umeme.

SWALI: Mimi ni fundi friji, Kampala. Pampu yangu ya vakyumu (ya kutoa hewa na unyevu kwenye mabomba) ni mpya lakini geji haifiki bar −1, inaishia −0.88. Bosi anasema nimeuziwa pampu mbovu.

JIBU: Pampu yako haina kosa, ni mwinuko wa mji. Geji ya kawaida hupima tofauti ya shinikizo, kwa kipimo cha bar, kati ya ndani ya bomba na hewa ya nje. Mombasa, usawa wa bahari, hewa ya nje ina bar 1 hivi, kwa hiyo utupu kamili husomeka −1. Kampala ipo karibu mita 1,200 juu ya bahari na hewa yake ina bar 0.88. Huwezi kutoa zaidi ya kilichopo. Kabale, karibu na mita 2,000, geji ileile ingeishia −0.8 hivi. Kwa inchi za zebaki, hapo Kampala utasoma 26 badala ya 30.

Lakini geji hiyo hiyo haiwezi kukuambia kama bomba limekauka. Nunua geji ya mikroni, inayopima utupu kwa vipimo vidogo sana. Vuta mpaka chini ya mikroni 500, funga vali ya pampu, ngoja dakika 15 hadi 30. Usomaji ukipanda kidogo na kutulia, bado kuna unyevu ndani, endelea kuvuta. Ukipanda bila kusimama, kuna uvujaji. Unyevu ukibaki huchanganyika na mafuta ya kompresa na kutengeneza asidi, na kompresa za inveta (zile zinazobadilisha kasi) hazivumilii hilo.

SWALI: Fundi wetu hapa Bombo hana nitrojeni. Anataka kujaribu uvujaji kwa oksijeni ya kuchomelea. Kuna ubaya?

JIBU: Kuna mlipuko. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya kompresa huwaka bila hata cheche. Usikubali, na asiwe karibu na mashine yako akiwa na mtungi huo umeunganishwa. Hewa ya kompresa ya gereji nayo haifai, ina unyevu na oksijeni.

Nitrojeni kavu tu, tena kwa kidhibiti shinikizo, kwa sababu mtungi uliojaa una bar 150 au zaidi. Panda kwa hatua: bar 5, subiri dakika tano usikilize, bar 15, subiri tena, kisha hadi shinikizo lililoandikwa kwenye kibao cha mashine, ambalo kwa gesi za kupozea za R410A na R32 ni karibu bar 41. Vali za mashine ya nje zibaki zimefungwa. Acha usiku kucha ukiandika halijoto, maana kila nyuzi moja ya baridi hupunguza takriban bar 0.14. Paka povu la sabuni kwenye kila ungio. Usikaze ungio lolote likiwa na shinikizo. Toa nitrojeni kwanza.

Maungio mengi huvuja kwa sababu yamekazwa mno, si kwa kulegea. Shaba iliyotanuliwa hupasuka kimyakimya. Spana yenye kipimo cha nguvu ndiyo dawa: bomba la robo inchi nyutoni-mita 14 hadi 18, la inchi 3/8 34 hadi 42, la nusu inchi 49 hadi 61, la inchi 5/8 68 hadi 82. Spana mbili daima, moja ikishika, nyingine ikikaza.

SWALI: Tuna duka la dawa Mbale. Kiyoyozi cha BTU 18,000 kimeunganishwa kwa plagi ya kawaida ukutani na plagi inapata moto. Tubadilishe plagi?

JIBU: Badilisheni njia nzima. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ya ampea 13 na haikukusudiwa kubeba kompresa saa kumi kwa siku. Anzeni leo kwa kuizima. Kiyoyozi kinataka saketi yake peke yake kutoka kwenye bodi kuu: kwa BTU 18,000, waya wa milimita za mraba 2.5 na breka ya ampea 20 hutosha kama umbali si mrefu. Kwa 24,000, waya wa 4. Breka hufuata waya na kibao cha mashine. Breka ikiruka msiweke kubwa zaidi, tafuteni kinachoirusha.

Wekeni swichi ya kukatia umeme karibu na mashine ya nje ili anayeihudumia aione. Waya wa athi uwe umeshikwa kweli kwenye bodi za mashine zote mbili, kisha upinzani wake upimwe. Waya wa kuunganisha mashine ya ndani na ya nje uwe mzima bila kiungo darini, na namba za vituo zilingane pande zote. Waya wa moto ukiingia kwenye kituo cha mawasiliano, bodi ya elektroniki huungua papo hapo. Waya huo wa kuunganisha uingizwe kwenye bomba la plastiki, kwani panya wa darini hutafuna.

Kwa umeme wetu unaopanda na kushuka, na radi za ukanda wa ziwa na Elgon, ongezeni kinga ya volti yenye kuchelewa dakika tatu kabla ya kurudisha umeme, na kinga ya mshtuko wa radi kwenye bodi kuu. Fundi awe na kibali cha kufunga umeme kinachotolewa na ERA, mamlaka ya udhibiti wa umeme ya Uganda, ombeni kukiona. Na kabla hajagusa waya: breka chini, tangazo juu yake, teseta ijaribiwe kwenye umeme unaojulikana, ipime waya, halafu ijaribiwe tena.

SWALI: Kaseti iwekwe wapi chumbani? (Msomaji, Gulu)

JIBU: Katikati, kadiri inavyowezekana, na mita 1 hadi 1.5 kutoka kila ukuta ili hewa isigonge na kurudi. Dari iwe na urefu wa mita 2.5 hadi 3 hivi. Kama ipo karibu na ukuta, funga tundu moja la hewa kwa kizibo kinachokuja na mashine. Isiwe juu ya jiko, mafuta huziba koili na kuharibu plastiki. Acheni mlango wa ukaguzi wa sentimita 45 kwa 45 upande wa pampu na sanduku la umeme. Bila mlango huo, kila matengenezo yatakuwa kukata jipsamu.

SWALI: Busia kuna kaseti za mtumba za R22, bei nafuu sana. Fundi anasema akishafunga anaweza kuweka gesi yoyote.

JIBU: Hawezi. R410A ina shinikizo kubwa kuliko R22 kwa karibu mara 1.6, na inataka mafuta tofauti. Kuiweka kwenye mashine ya R22 ni kuomba bomba lipasuke. Na R22 yenyewe inaondolewa sokoni chini ya Mkataba wa Montreal, ule wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni: kwa nchi kama Uganda, 2030 ndio mwaka wa kuifunga, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Gesi itakuwa adimu na ghali wakati mashine bado inaidai.

Ukipata mashine mpya ya R32, ujue gesi hiyo huweza kuwaka, ingawa si kirahisi. Hakuna kuchomelea bomba lenye gesi ndani. Ikusanywe kwenye mtungi wake, bomba lisafishwe kwa nitrojeni, ndipo moto uwashwe. Soma kwenye kitabu eneo la chini la chumba kwa kiasi cha gesi ya mashine yako. Mabomba ya mtumba yaliyopitisha R22 yaachwe hukohuko, yana mafuta ya zamani ndani. Gesi ya kiwandani hutosha urefu uliotajwa kwenye kibao, mara nyingi mita 5 hadi 7.5, ukizidisha, gramu za nyongeza kwa kila mita zipimwe kwa mizani, na fundi aandike jumla yake kwa kalamu isiyofutika kwenye mashine ya nje, ili atakayekuja baada yake ajue kilichomo.